Kamera ya mtego ya laki na themanini: chui tumepata mikia tu

Mlioniuliza hii kamera ya mtego, ile unaifunga porini inapiga picha yenyewe mnyama akipita, niliyonunua dukani hapa Arusha mjini kama inafaa, nimekaa nayo miezi mitatu, ngoja niseme ukweli.

Sisi ni watu wa kujitolea tu, machalii watano na mama mmoja mwalimu mstaafu, tunafuatilia chui wanaoshuka usiku toka Mlima Meru kuingia mashamba ya kahawa. Kazi si kupata picha ya kurusha status, kazi ni kujua huyu ni chui yupi, maana madoa ya kila chui ni yake peke yake kama alama za vidole zetu, tena ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, ndo maana tunafunga kamera mbili zinatazamana kwenye njia moja, usawa wa goti hivi, la sivyo chui mmoja unamhesabu mara mbili.

Hapo ndo imetuangusha. Inachelewa kushtuka aisee! Sensa inahisi joto linalotembea, sawa, ila mpaka ipige mwenyewe kashapita. Nina mikia kumi na moja. Mikia mizuri, mpaka weupe wa chini kwenye ncha unauona, sasa mkia nimtambue nao nani? Mbuzi wa jirani ndo wametoka wazima wazima, wao wanasimama.

Kingine, inakula betri nane za AA na ukizitoa tu tarehe inarudi 2015. Bila daftari la mama tungekuwa tunasoma historia.

Picha 1,400 za nyasi siilaumu, tulisahau kufyeka mbele, jua likiwaka na upepo ukipuliza majani yanaidanganya yoyote ile. Na usiku picha safi, taa yake haionekani kabisa, masika yote maji hayajaingia.

Nilirudi dukani kulalamika, jamaa akacheka, "Bosi hiyo ni ya wezi, chui umeanza wewe." Basi wezi wa kwao wanatembea taratibu sana.

Juzi nimeigeuza iitazame njia kwa mshazari, mnyama akae mbele yake muda mrefu kidogo. Usiku wa kwanza kaingia nungunungu, mzima, pua mpaka miiba. Nyota mbili, hiyo ya pili kampa nungunungu.