Masomo ya kemia ya jioni Likoni: oksidesheni na ridaksheni zimeniingia

Ninafanya kazi karakana ya boti upande wa Likoni, na mwaka huu narudia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Kemia ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza.

Kabla ya hapa nililipia masomo ya ziada mahali pengine mjini. Huko tulipewa karatasi tuikariri: oksidesheni ni kupoteza elektroni, ridaksheni ni kupata. Nikauliza, mbona ridaksheni maana yake ni kupunguza, na hapa kitu kinaongezewa? Nikaambiwa nikariri hivyohivyo, mtihani hauulizi sababu. Iliniuma, kwa sababu pesa nilikuwa nimelipa ili nielewe.

Mwalimu wa hapa ni mama mtu mzima aliyestaafu, anafundisha barazani kwake jioni tatu kwa wiki, shilingi 200 kwa kipindi. Siku ya kwanza alinipa msumari na kipande cha msasa. Nikausugua hadi ukang'aa, nikautumbukiza nusu katika glasi ya maji ya salfeti ya shaba, ya buluu iliyokolea. "Usiseme neno, tazama tu." Hazikupita dakika nyingi, sehemu iliyozama ikavaa wekundu wa udongo. Nilipoipangusa, shaba ikabaki kidoleni. Tuliuacha humo, na kesho yake buluu ilikuwa imefifia ikielekea kijani.

"Mwanangu," akasema, "shaba ya majini ilikuwa na chaji ya +2. Chuma kimetoa elektroni mbili, shaba imezipokea. Elektroni ni hasi. Basi namba ya shaba imepanda au imeshuka?"

Imeshuka, kutoka +2 hadi sifuri. Kinachopunguzwa ni namba ya oksidesheni, yaani hiyo +2! Na ya chuma imepanda kutoka sifuri hadi +2, kwa hiyo chuma ndicho kilichooksidishwa. Hakuna anayepoteza bila mwenzake kupokea.

Hapo nikakumbuka zinki tunazofunga chini ya boti. Nimezifungua miaka mingi, zimeliwa zikabaki kama mfupa wa ngisi, nisijue kwa nini. Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo huliwa yenyewe na chuma kikasalimika. Mabati nayo hupakwa zinki kwa sababu hiyohiyo. Maji ya bahari huharakisha kutu kwa kuwa chumvi yake hupitisha chaji.

Kusawazisha milinganyo kulichukua vipindi vinne, na vilistahili. Mfano ni pamanganeti, kemikali yenye manganizi, ikikutana na chuma: manganizi yake hushuka kutoka +7 hadi +2, yaani hupokea elektroni tano. Chuma cha +2 hutoa moja tu kufika +3. Basi chembe moja ya pamanganeti huhitaji chembe tano za chuma. Sasa nayafanya haya bila karatasi ya kukariri.

Upungufu upo. Seli za umeme alizipitia haraka mno. Ile volti 1.10 ya seli ya zinki na shaba ilibidi niitafute mwenyewe baadaye, kwa kutoa -0.76 ya zinki kwenye +0.34 ya shaba. Na taa ya baraza ni hafifu, ukikaa nyuma huoni rangi ndani ya glasi, na rangi ndilo somo lenyewe.

Mimi nimeshalipia hadi Oktoba. Ukija, wahi kabla ya magharibi upate benchi la mbele.