Usiku wa kesi ya Agatha Christie pale darini Langoni, Lamu: nendeni, na mkiweza kaeni meza ya Berkshire

Wenye kuulizia kitu cha kufanya Lamu usiku ukishamaliza kutembea seafront, hii hapa na ntaiandika kwa urefu manake nimeipenda kweli. Kuna gesti moja Langoni, ndani ndani kidogo ukiacha barabara kuu ya madukani, wamefungua dari yao kwa chakula cha usiku na baada ya Isha wanaweka usiku wa kesi. Mnakaa watu sita sita kwa meza, mnapewa bahasha, mnakuwa askari kanzu. Kesi yenyewe si ya kutunga, ni ya kweli: kupotea kwa Agatha Christie, yule mtunzi wa riwaya za upelelezi wa Uingereza, Disemba 1926. Bei ni elfu moja na mia tano kila mtu na chakula ndani yake, na pesa hazikuniuma hata kidogo.

Anayeongoza ni mwalimu mstaafu, kila mtu pale anamwita Mwalimu tu, na sifa yake kubwa ni kuwa hana haraka na hatii chumvi. Anasimama anaanza: Ijumaa usiku tarehe 3 Disemba huyu mama katoka nyumbani kwake Sunningdale, jimbo la Berkshire, kambusu bintiye wa miaka 7 aliyekua amelala, kaingia kwenye gari lake Morris Cowley, kaenda. Asubuhi gari likaonekana Newlands Corner huko Surrey, limetoka barabarani limeingia vichakani karibu na shimo la machimbo ya chaki. Ndani kuna koti la manyoya, kimkoba cha nguo na leseni ya dereva iliyokwisha muda. Yeye hayupo. Baridi ya Disemba ya Uingereza, na koti ameliacha! Hapo meza zote zikanyamaza.

Sasa hapa ndipo walipoipanga vizuri mpaka nikawavulia kofia. Meza zinagawanywa pande mbili, Surrey na Berkshire, manake ndivyo ilivyokua kweli, gari lilipatikana jimbo moja na nyumba yake iko jimbo jengine, kwa iyo polisi wa pande mbili wakawa kwenye kesi moja na wakubwa wao hawaoni sawa. Wa Surrey, William Kenward, alishika kwamba mama huyu amekufa na maiti iko hapo hapo karibu na gari, basi akamwaga askari, watu wa kujitolea kwa maelfu, mbwa, mpaka ndege zikaruka juu kutafuta, na dimbwi moja karibu na hapo wanaloliita Silent Pool likakokotwa lote. Wa Berkshire, Charles Goddard, yeye hakuamini kuwa amekufa. Kila meza inapata bahasha kwa mpango wa mkubwa wake, Surrey wanapewa ramani ya vilima na orodha ya vitu vya garini, Berkshire wanapewa mambo ya nyumbani: kuwa mama yake mzazi alikufa Aprili mwaka huo huo, kuwa mumewe Archie alikua ashamwambia anataka talaka amuoe msichana anayeitwa Nancy Neele, na kuwa shemejiye Campbell alipokea barua ya posta kutoka kwake yenye muhuri wa London, inasema anakwenda kupumzika kwenye maji ya tiba huko Yorkshire.

Barua! Yaani mtu kaandika anakokwenda na bado vilima vya Surrey vinapekuliwa nyasi kwa nyasi. Mimi ndo kitu kilichonishika zaidi usiku ule, kuona mtu akishaamua moyoni kuwa anatafuta maiti basi hata barua haimwambii kitu.

Meza yetu tulikua Berkshire na tulikaa na mzee mmoja wa Mkomani, nahodha wa zamani, sote tukimwita ami. Wakati sisi vijana tunabishana habari za koti na leseni, ami akauliza, "Wanangu, gari tuliwache. Aliondoka na chombo gani?" Akatueleza kwamba hapa kwetu mtu akitoweka cha kwanza huendi kupekua mashamba, unakwenda jetini unauliza manahodha nani kavuka kwenda Mokowe, manake hakuna mtu anayetoka kisiwani bila ya jicho kumuona. Wallahi swali hilo ndilo lililofungua kesi. Treni! Tukarudi kwenye ile barua, London, Yorkshire, tukauliza stesheni, tukauliza mahoteli ya maji ya tiba, na Mwalimu akatuletea bahasha ya mwisho kabla ya meza zote za Surrey.

Ndani ya bahasha ile mna kitu wamekitengeneza kwa uangalifu sana, ukurasa wa kitabu cha wageni cha Swan Hydropathic Hotel, Harrogate, huko huko Yorkshire. Karatasi wameichovya chai ikapata rangi ya kizee, wino ni wa kalamu ya kuchovya, na kwenye mstari mmoja katikati ya majina mengine pameandikwa Mrs Teresa Neele, Cape Town. Binti mmoja mezani akaweka kidole pale kwenye Neele, hakusema kitu, akamsogezea mwenzake aone. Jina la ukoo la yule msichana anayemchukua mumewe. Mtu ambaye jina lake liko magazetini kote amekaa hotelini anakula na wageni wenzake kwa jina hilo, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye gari lake, mpaka wapiga muziki wa hoteli walipomtambua wakapeleka habari polisi. Tarehe 14 Archie akaenda kumtambua.

Katikati kuna kituko cha glavu, Arthur Conan Doyle mwenyewe, yule mtunzi wa Sherlock Holmes, alipata glavu ya huyu mama akampelekea mtu wa mambo ya mizimu aipapase. Ni kweli imetokea ila pale waliirefusha mno, robo saa nzima, ingetosha dakika mbili.

Chakula: samaki wa kupaka alikua mzuri, nazi nzito, moto wa makaa umemwingia mpaka mwibani. Viazi karai vilifika vimepoa. Juisi ya ukwaju waongeze barafu. Kahawa chungu na tende mwishoni, safi.

Yasiyonipendeza niyaseme pia. Upepo wa darini unapeperusha karatasi, waweke vijiwe. Taa ni hafifu, ami alishindwa kusoma nusu ya vitu. Magazeti ya zamani waliyoyachapisha yako kwa Kiingereza kitupu na kila meza ina mtu mzima asiyekisoma, kwa iyo kijana mmoja anageuka mkalimani usiku kucha badala ya kucheza.

Lakini kubwa ni kura. Mwisho wa yote mnaambiwa mpige kura kwa mikono: alikua mgonjwa kweli, ama alikua anajitafutia jina, ama alitaka kumkomoa mume. Hapa mimi nakataa kabisa. Madaktari wawili walisema amepoteza kumbukumbu, na hata kitabu alichoandika mwenyewe cha maisha yake kilichotoka 1977, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, kimelipita kimya. Mama aliyefiwa na mamake na kuvunjikiwa nyumba mwaka mmoja, tunamnyooshea mikono tukiwa tumeshiba samaki? Watu wa meza ya pili walipiga makofi "kujitafutia jina" iliposhinda na mimi nikaona uchungu. Tena alikua hana haja ya jina, mwaka ule ule ashatoa kitabu kilichozungumzwa kila mahali. Kesi ilikua ni kumtafuta, amepatikana mzima, imekwisha. Wamalizie kwa kutuambia yaliyofuata, kuwa waliachana 1928 na yeye akaolewa tena 1930 na Max Mallowan, mtaalamu wa kuchimbua mambo ya kale, na akaandika miaka mingi sana baada ya pale. Nilimwambia Mwalimu wakati wa kuondoka, akanisikiliza vizuri, akasema, "Mwanangu, kura waliitaka wenye gesti, ntawaambia."

Ukitaka kwenda piga simu asubuhi, jioni meza zinakua zishajaa. Vaa kitu chepesi cha kukinga upepo, beba tochi, na ukiwa na mtu mzima nyumbani mpeleke, hasa aliyefanya kazi ya bahari.