Mafuta ya mchaichai ya kufukuza mbu: kabla hujalipia kichupa

Vichupa vingi vinavyouzwa mitaani Mwanza vimeandikwa maneno machache tu: "Mchaichai, hufukuza mbu". Asilimia ya mchaichai uliomo haipo, na bila asilimia hujui unanunua nini.

Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, uiache mpaka kesho yake. Mchaichai halisi hupaa wote. Likibaki doa la mafuta, umeuziwa mchaichai kidogo ndani ya alizeti. Kuzimua si kosa, maana mafuta halisi yakipakwa peke yake huunguza ngozi. Hasara ni kulipia halisi, kisha ukazimua tena kitu kilichokwisha kuzimuliwa. Angalia na chupa: mafuta haya hula plastiki laini, kwa hiyo chagua kioo cha kahawia.

Changanya mililita 10 za mafuta halisi na mililita 90 za mafuta ya nazi. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, ungoje siku nzima. Kinga yake ni fupi, mara nyingi haifiki saa 2, na jasho huipunguza zaidi. Yanafaa kwa kukaa barazani tangu jua linapozama. Ukiingia kulala, kazi ni ya chandarua. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani atapaka tena na tena, na apake kwa kitambaa, la sivyo dagaa wote watanukia mchaichai.

Anayetaka kinga ndefu atafute dawa ya mkaratusi-limau iliyoandikwa PMD (kiini chake kinachofukuza mbu) asilimia 30, ambayo hukaa hadi saa 6 hivi. Yale mafuta ya mkaratusi ya kuchulia kifua ni kitu kingine kabisa. PMD asipakwe mtoto wa chini ya miaka 3.

Kwa viluilui vya mbu huhitaji hata mchaichai. Kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye karai la maji yaliyotuama hutandaza utando unaowazibia pumzi, kwa kuwa hupumulia juu ya maji. Rudia kila wiki. Pembezoni mwa ziwa usijisumbue: upepo husukuma utando wote upande mmoja, matete huukata, na mafuta yanaishia kwa samaki. Pipa la maji ya kunywa nalo lifunike tu kwa kitambaa kilichokazwa.