Boksi la API kwenye tangi la mbuna: chupa namba 2 ndiyo yenye maneno

Habari zenu wakuu. Boksi hili la kupimia maji ya tangi la samaki mnalijua, API Freshwater Master: pH (uchachu wa maji), amonia, nitriti na nitreti (mabaki ya uchafu wa samaki), mirija na kadi ya rangi. Tangi langu ni la mbuna, sikilidi wa miambani wa Ziwa Nyasa. Sina haja ya kuligeuzageuza mbele ya kamera. Leo nakaa zaidi na chupa moja, nitreti namba 2, maana ndiyo inayowadanganya wafugaji.

Tazama. Mirija miwili, maji ya tangi lile lile, mililita 5 kila mmoja. Matone 10 ya chupa namba 1 kote, funika, pindua. Shika chupa wima, ukiilaza matone hayalingani. Sasa huu wa kushoto naupa matone 10 ya namba 2 hivihivi, chupa haijatikiswa. Kabla ya kuweka kwenye huu wa kulia, chupa naigonga mezani, kisha naitikisa sekunde 30. Kwa nguvu! Ndani mna unga unaotuama, na unga huo ndio unaogeuza nitreti kuwa nitriti ili rangi itokee. Ukibaki chini, unadondosha maji tu. Mrija nao utikise dakika nzima, halafu subiri dakika 5.

Tukiwa tunasubiri: mmeniuliza sana kuhusu vile vijikaratasi vya kuchovya. Ni rahisi, ndiyo, lakini pakiti nyingi zina 25, na vingi havipimi amonia. Boksi hili wenyewe wanasema linatoa vipimo zaidi ya 800. Piga hesabu ya kipimo kimoja, usiangalie bei ya boksi. Video ijayo ni ya filta, kwa hiyo bonyeza kengele.

Haya, muda umetimia. Kushoto njano, ungesema maji safi kabisa. Kulia nyekundu. Maji ni yale yale! Na hapa ndipo kadi inaponiudhi: 40 na 80 (miligramu za nitreti kwa lita) nani anazitofautisha? Changanya nusu maji ya tangi, nusu maji yaliyokenekwa (yale ya betri yasiyo na asidi), pima tena, zidisha mara mbili. Ikizidi 40, badilisha asilimia 30 hadi 40 ya maji, na ya bomba uyatoe klorini kwanza.

Amonia isome sifuri, basi. Kipimo hiki kinajumlisha amonia yote, na sehemu yenye sumu hupanda pamoja na pH. Kwenye pH 7, nyuzi 26, ni chini ya asilimia 1, kwenye 8.5, wanakoishi mbuna, inafika kama asilimia 16. Ndiyo maana kujaza samaki ovyo kunaua haraka huku. Ni kweli mbuna tunawasonganisha kidogo ili dume mbabe asimwandame mmoja, lakini lita 240 zinatosha samaki 15 hivi, dume mmoja kwa majike watatu au wanne, filta ikiwa kubwa. Demasoni, mbuna yule wa Pombo upande wetu wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, ni mkorofi sana kwa wenzake: weka 12 na kuendelea, au usiweke kabisa.

Kinachonikera zaidi: KH (kipimo cha kabonati kwenye maji) haimo! Unainunua kando. Kwa sikilidi hiyo ndiyo inayoishikilia pH isiporomoke. Mililita 5 za maji, dondosha tone moja moja huku ukitikisa. Buluu... buluu... tone la nne, njano. Tone moja ni digrii moja, kwa hiyo KH ni 4, ndogo kwa mbuna. Kijiko kimoja cha chai cha magadi ya soda ya kupikia (baking soda) kwa lita 50 kinaongeza kama digrii 4. Koroga kwenye kikombe, mimina karibu na mdomo wa filta, na kiasi hicho kigawe kwa siku mbili au tatu. pH ikiruka ghafla, amonia iliyokuwa haina madhara inageuka sumu siku hiyo hiyo.