Uzoefu wangu na BIRD: jinsi inavyofuatilia violesura na soketi

Ninatunza ruta za Linux zinazounganisha matawi ya taasisi moja, na kazi ya ruta hizo kupeana habari za njia za kupitishia data nimeikabidhi kwa BIRD, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Charles mjini Prague na ambayo sasa inaendelezwa na CZ.NIC. Wengi huisifu kwa vichujio vyake vya njia. Mimi ninaithamini zaidi kwa namna inavyofuatilia violesura vya mtandao (milango ambayo data huingilia na kutokea kwenye ruta), kwa sababu matawi yetu yameunganishwa kwa L2TP, yaani handaki linalopita ndani ya mtandao mwingine, ambapo muunganisho ukikatika kiolesura chake, kiitwacho ppp, hufutika kabisa na ukirudi huundwa upya.

Msingi wa yote ni itifaki iitwayo device. Yenyewe haitangazi njia yoyote. Kazi yake ni kujua kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ina violesura gani, vina anwani zipi na viko katika hali gani. Kwenye Linux habari hizo huletwa na soketi (mlango ambao programu hupokelea na kutumia data) ya Netlink, njia ya kerneli ya kuzungumza na programu, mara tu badiliko linapotokea, na ule ukaguzi wa orodha nzima unaofanyika kila sekunde 60 upo kwa ajili ya ujumbe uliopotea njiani. Ujumbe hupotea kweli: njia nyingi zinapobadilika kwa mpigo, bafa ya soketi (hifadhi yake ya muda) hujaa na onyo huonekana kwenye logi, na hapo inafaa kuongeza bafa kwa agizo la "netlink rx buffer".

Uzuri wa mpango huu niliuona katika OSPF, itifaki ambayo ruta za mtandao mmoja huitumia kuelezana njia. Nimeandika "ppp*" mara moja tu katika faili la mipangilio, na kila kiolesura chenye jina la namna hiyo kinapotokea, BIRD hufungua soketi ghafi ya itifaki namba 89, ambayo ndiyo OSPF, huifungamanisha na kiolesura hicho peke yake, kisha hujiunga na kundi la 224.0.0.5, anwani ambayo ruta zote za OSPF huisikiliza. Kiolesura kikitoweka, soketi hufungwa na jirani (ruta ya upande wa pili) huondolewa papo hapo, bila kusubiri zile sekunde 40 za kawaida za kumhesabu kuwa amekufa. Sijalazimika kuwasha programu upya kwa sababu ya tawi lililopotea na kurudi.

Kwa Ethernet, kebo inapochomolewa, agizo la "check link" hufanya kazi kama hiyo. Hata hivyo, ikiwa kati ya ruta mbili kuna swichi na hitilafu iko ng'ambo yake, kiolesura hubaki hai na kerneli haina la kusema. Ndiyo maana kwenye viungo vya redio nimeongeza BFD, itifaki ya kugundua haraka muunganisho uliokufa, inayowapima majirani kwa pakiti za UDP kwenye poti 3784.

Lawama yangu iko upande wa BGP, itifaki ya kubadilishana njia kati ya mitandao tofauti. Kwa kawaida BIRD husikiliza poti 179 ya TCP kwenye anwani zote, na anayetaka kuendesha nakala mbili katika mashine moja, kila moja na anwani yake, hutumia agizo la "strict bind", linalofungamanisha soketi na anwani moja. Lakini soketi ya anwani moja hugongana na soketi ya anwani zote, kwa hiyo vikao vyote vya BGP vinavyotumia poti hiyo na aina hiyo ya anwani (IPv4 au IPv6) sharti viwekewe agizo hilo, au kisiwekewe hata kimoja. Ningependa ukaguzi wa faili la mipangilio uukamate mgongano huo na kukitaja kikao husika kwa jina, kabla mipangilio haijaanza kutumika.