Lipa namba kwenye meza yangu ya zabibu Majengo

Nauza zabibu Soko la Majengo, Dodoma. Mzigo nauchukua Hombolo. Tangu Januari mwaka jana nina lipa namba, ile namba ya biashara ambayo mteja ananilipa kwa simu, na majirani zangu wawili wa sokoni wananiuliza kila siku kama nao wachukue. Chukueni. Nawaambieni na kasoro zake hapa hapa.

Zamani hela yangu ilikaa kwenye pindo la khanga. Jioni natoa ya mzigo, ya bodaboda, ya unga, inayobaki naiita faida. Ungeniuliza naingiza kiasi gani kwa mwaka, ningekutajia tu namba ya kichwani. Mwaka huu nilivuta taarifa ya miamala, nikajumlisha na daftari la taslimu ninaloandika kila jioni: mauzo ya mwaka mzima milioni 5 na laki 6. Nilikaa kimya kidogo. Miaka kumi na moja sokoni, ndiyo mara ya kwanza kuijua biashara yangu.

Na kujua huko kuna hela ndani yake. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mfanyabiashara mdogo wa mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyetunza kumbukumbu analipa kodi 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwangu mimi ni 48,000. Hiyo 52,000 iliyobaki ni mzigo wa zabibu, jamani! Wengi hapa sokoni wanaogopa kuandika wakidhani daftari ndilo linaloita kodi, kumbe asiyeandika ndiye anayelipa zaidi.

Kasoro sasa. Makato ya kutoa hela yanauma, kwa sababu mkulima wa Hombolo anataka noti mkononi. Jioni mtandao unasumbua. Na kuna meseji za kughushi. Kijana mmoja alichukua kilo nne, akaninyooshea simu yake: jina langu, kiasi, kila kitu kipo. "Mama, nimeshalipa." Nikamwambia, "Mwanangu, simu yangu haijalia, subiri kidogo." Aliweka mfuko chini akaondoka. Usiachie mzigo kwa meseji iliyo kwenye simu ya mteja, hata akiwa amevaa tai.

Ninachowaomba wanaopanga sera ni wakumbuke Julai 2021. Tarehe 15 ilianza tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kwa kutuma na kutoa. Wakati ule wateja walikuwa wananitumia kwenye namba yangu ya kawaida. Wiki ile ile wakarudi na noti. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huo huo, lakini wateja wangu walichukua muda mrefu kurudi. Mama wa sokoni akikimbilia taslimu, mapato yake hayaonekani tena, na benki haina cha kuangalia akiomba mkopo.

Lipa namba naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya stika iliyoandikwa namba yenyewe: jua la Septemba limefuta tarakimu mbili, nimezirudishia kwa kalamu ya wino mzito, na wakala nimemwomba nyingine mara tatu. Mkipewa zenu, zibandikeni upande wa kivuli.