Boti ziko Shimoni, mimi niko Nairobi: injini ya mipigo miwili au minne?

Nina hisa kwenye boti mbili za uvuvi, na wengi wanaoniuliza kuhusu injini wako hali yangu: wanaishi Nairobi, mshahara unatoka Nairobi, chombo kiko Pwani au Ziwa Viktoria na anayekiendesha ni ndugu. Jibu langu ni hili. Boti inayorambaza mchana kutwa, yaani inayovua kwa kukokota mishipi ikienda pole, ifunge injini ya mipigo minne (four-stroke). Boti ya kwenda kutega nyavu na kurudi, inayovutwa ufukweni kila siku, sijaona bado cha kuishinda mipigo miwili (two-stroke). Wauzaji wa Industrial Area hawatakueleza hivyo, maana swali lao la kwanza huwa, "Boss, unataka hosipawa ngapi?" Boti inafanya kazi gani hawaulizi.

Boti zetu zote ni za faiba na zote zinalala Shimoni, Kwale. Ndogo ina Yamaha Enduro 40 ya mipigo miwili. Kubwa, anayoiongoza shemeji yangu, ina Yamaha 40 ya mipigo minne. Kwa hiyo nalinganisha nguvu ileile, chapa ileile, bahari ileile.

Kwa ufupi, injini ya mipigo miwili inachoma mafuta kila krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara moja. Ya mipigo minne inachoma kila ikizunguka mara mbili. Ndiyo maana ya kwanza inaamka kwa fujo ukiikanyagia na ina vyuma vichache vya kuharibika. Haina valvu za juu ya silinda, haina oili yake ndani. Oili unaichanganya na petroli, inapita, inalainisha, inaungua na kutoka kama moshi. Ubaya wake ni kwamba kwenye zile za kabureta, petroli mbichi inaingia kwenye silinda wakati tundu la moshi bado liko wazi, na sehemu yake inatoka bila kuungua. Robo ya mafuta inaweza kupotea hivyo. Ndiyo sababu Marekani na Ulaya zilibana sheria za moshi hadi injini hizi zikatoweka madukani kwao, ilhali huku kwetu zinauzwa mpya kabisa, zikiwa bado kwenye kreti.

Mimi mafuta nayajua kwa M-Pesa. Kila boti ikitoka, hela ya petroli inatoka kwangu, na kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya serikali ya kupanga bei za mafuta, wanapotangaza bei mpya mimi niko macho kama mtu wa matatu. Oktoba 2023, petroli ilipofika shilingi 217.36 hapa Nairobi na Pwani ikifuata nyuma kidogo tu, Enduro ilikaribia kula faida yote ya samaki. Huo ndio mwezi tuliokaa na shemeji tukakubaliana boti ya pili isiwe na injini kama ile.

Tofauti ipo na ni kubwa, lakini haiko mahali watu wanapodhani. Ukienda kasi kamili kutoka Shimoni hadi nje ya visiwa vya Mpunguti, injini zote mbili zinakunywa. Mipigo minne inakunywa pungufu kidogo kuliko mwenzake, basi. Ni kwenye mwendo wa pole ndipo mambo yanapobadilika. Shemeji anarambaza nguru na jodari kwenye mkondo wa Pemba, saa nyingi, injini ikinguruma chinichini. Hapo mafuta yanashuka kwa theluthi nzuri, wakati mwingine zaidi. Enduro kwa mwendo huo haina raha: plagi zinashika masizi, inaanza kukohoa, na mabaharia wanashinda kwenye moshi siku nzima. Ndiyo maana boti ndogo hairambazi tena. Inakwenda nyavuni na kurudi, na kwa kazi hiyo hatujawahi kuilalamikia.

Sasa oili, kwa sababu hapa ndipo mwenye boti anayekaa mbali anapopata au kukosa usingizi.

Mchanganyiko wa Enduro ni hamsini kwa moja: dumu la lita 25 linatiwa nusu lita ya oili. Injini ikiwa mpya, saa 10 za mwanzo unaongeza mara mbili, lita nzima kwa dumu hilo. Na oili yenyewe iwe ya boti, kopo limeandikwa TC-W3, si ile ya pikipiki wala ya msumeno wa kukatia miti. Ya pikipiki ni rahisi na inapatikana kila kioski, kwa hiyo kishawishi kipo kila asubuhi. Akipunja oili mtu mmoja tu, asubuhi moja tu, pistoni inaweza kukwama ndani ya silinda. Nilichofanya ni kuacha kabisa kutuma hela ya oili. Nanunua makopo Nairobi na kuyatuma kwa basi, na shemeji hapewi kopo jipya mpaka nione picha ya lile tupu. Watu wa nyumbani walinicheka kidogo. Injini iko hai.

Ya mipigo minne inakuondolea hesabu hiyo ya kila asubuhi, halafu inakupa nyingine. Oili inabadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100, pamoja na filta yake. Saa 100 kwa boti ya kurambaza ni mara moja zinafika. Tatizo ni kwamba injini hii ni mpole. Ukiisahau haikulilii siku hiyo. Inakuvumilia miezi, halafu inakuletea bili ambayo ungeweza kuongeza kidogo ukanunua Enduro nyingine. Kwa hiyo tuna daftari. Shemeji anaandika saa za kutoka na kurudi, na kila Ijumaa, siku ambayo boti hazitoki, ananitumia kwa WhatsApp picha ya kijiti cha kupimia oili kikiwa kimelazwa juu ya karatasi nyeupe. Kwenye karatasi rangi inaonekana vizuri. Naangalia na kiwango pia. Kikishuka, sawa, inaongezwa. Kikipanda ndipo nashtuka, kwa sababu oili haizaliani: ni petroli inayopenya ndani, na kurambaza muda mrefu kwa mwendo wa chini kunaweza kuleta hilo. Dawa yake ni kumwambia nahodha aifungulie injini kwa kasi kwa muda kila safari ili ipate moto vizuri, na oili ile nyepesi imwagwe mapema.

Petroli chafu ndiyo kitu kingine. Mafuta yetu yanasafiri kwa madumu, na dumu la plastiki lililokaa juani na usiku halikosi tone la maji. Enduro ikinywa maji, fundi wa ufukweni anafungua kabureta, anaipuliza kwa mdomo, anaifunga, mnaondoka. Nimeshuhudia kazi hiyo ikifanywa mwana-maji akiwa ndani ya bahari hadi kiunoni, bisibisi ameishika kwa meno. Ile ya mipigo minne inanyunyiza mafuta kwa kompyuta, na pua zake ni nyembamba sana. Huwezi kuipuliza kwa mdomo. Tulifunga chujio la kutenganisha maji kati ya tangi na injini kabla hata haijaingia baharini, na kama utachukua ushauri mmoja tu humu, chukua huo. Ni kitu cha bei ndogo kikilinganishwa na kile kinachokilinda.

Uzito nitausema haraka. Enduro 40 ni kilo sabini na kitu, ya mipigo minne inakaribia mia. Kwenye karatasi si tofauti ya kutisha. Ufukweni, jioni, maji yakiwa yametoka na injini lazima ishushwe ilale nyumbani ili isiibwe, tofauti ni kati ya vijana wawili na vijana wanne, na hao wanne wanataka chai. Tena ya mipigo minne hailazwi ovyoovyo. Ina upande wake wa kulalia, umeandikwa kwenye kitabu, na ukiilaza upande mwingine oili inaingia kwenye silinda. Boti kubwa sasa inalala majini na mlinzi, gharama ambayo muuzaji hakuitaja. Kwa injini ndogo za hosipawa 15 hadithi ni hiyohiyo: kilo thelathini na kitu kwa hamsini.

Kuzama nako kupo. Wakati wa kusi mawimbi yanaingia kwa nyuma na injini ikaenda chini na boti. Enduro ikitolewa majini inasafishwa kwa maji yasiyo na chumvi, plagi zinatolewa, unaivuta kamba mpaka maji yote yaruke nje, unatia oili kwenye silinda, na kabla ya siku kwisha inaweza kuwaka. Muhimu ni isikae kwenye hewa na chumvi ndani. Ya mipigo minne nayo inaokolewa, lakini oili yote imwagwe, itiwe nyingine, iwashwe, imwagwe tena, na hapo bado hujagusa nyaya na kompyuta. Yetu haijazama, namshukuru Mungu, na sina hamu ya kujua.

Vipuri vimenichosha zaidi ya yote. Vya Enduro unavipata Shimoni, Vanga, Mombasa, na hata akikosa fundi atachonga kitu. Vya mipigo minne nilijua nitavitafuta mimi, na ndiyo faida ya kukaa Nairobi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Duka moja la hapa, sitalitaja, lilinihakikishia filta na sili zote ziko stoo. Nilipozihitaji, nikaambiwa niagize nisubiri. Nikaenda tena. "Boss, mzigo uko njiani." Boti ilikaa bure siku za kaskazi nzuri, bahari shwari, nguru wakipita, huku shemeji akinipigia: "Shemeji, wenzetu wanarudi wamejaza, sisi tunaangalia tu." Mwishowe filta niliipata Mombasa kwa simu, ikafika Shimoni siku iliyofuata. Tangu hapo seti mbili za filta, impela moja ya pampu ya maji na plagi za akiba zinakaa kwenye sanduku nyumbani kwa shemeji. Ukinunua mipigo minne, nunua na hilo sanduku siku hiyohiyo.

Impela iangalieni bila kujali mipigo mingapi. Ni kijigurudumu cha mpira kinachovuta maji ya kupoza injini, na mchanga wa ufukweni unakila. Mabaharia wanajua ishara yake. Simu ikiingia kuniambia "mashine haikojoi", maana yake ule mkondo mwembamba wa maji wa pembeni umekatika, na jibu langu ni moja: zimeni sasa hivi, tafuteni wa kuwavuta.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zilizotumika, zile zinazoletwa na meli kutoka nje. Bei inavutia, ila msizinunue kwa picha. Nenda na fundi mwenye geji ya kupimia kompresheni. Silinda zote zisome karibu sawa, na moja ikiwa chini sana ya wenzake, ondoka. Kisha mwambie afungue skrubu ya chini ya gia, atoe oili kidogo kidoleni. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimekufa. Muuzaji akikataa isifunguliwe, usibishane naye. Ya mipigo miwili ndiyo salama zaidi kuinunua imetumika, kwa kuwa hakuna mengi ya kufichwa ndani, na ukija kuichoka utapata mnunuzi pale pale ufukweni. Ya mipigo minne iliyotumika, bila daftari la huduma zake, mimi singeigusa hata kwa nusu bei.

Na urefu wa shafti pimeni kabla ya kulipa. Kuna fupi ya inchi 15 na ndefu ya inchi 20, na pimo linaanzia juu ya ubao wa tezi ambapo injini inafungwa hadi chini ya boti. Dukani wanasema inarudishwa. Waulize utairudishaje kutoka Shimoni.